Ajali Si Udhuru

 

Katika maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika lugha yetu, kisha yakageuka tabia kama mgeni aliyekaa sana mjini, liko neno ajali. Asili yake ni muda uliowekwa. Ajali ya mtu ni ule mwisho wa umri wake aliokadiriwa na Mola wake kabla hajazaliwa. Katika Suratul Aaraf, aya ya 34, twafundishwa kuwa kila umati una muda wake, na muda huo ukifika watu hawawezi kuuchelewesha wala kuutanguliza hata kwa saa moja. Hii ndiyo itikadi yetu, wala hatuna shaka nayo. Lakini sisi watu wa pwani tumelichukua neno hili tukalivika kila gari lililopinduka, kila mashua iliyozama na kila ndege iliyoanguka. Na tulisemapo, twakusudia kwamba maneno yamekwisha. Asiulize mtu, wala asijibu mtu. "Ajali haina kinga," husema mzee mmoja pale msibani, na wengine wakaitikia kwa vichwa, na kahawa ikazungushwa.

Mwezi wa Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Malindi, kwenye barabara kuu, na waliokufa walikuwa watu waliokuwako huko chini, wasio na khabari ya rubani wala ya mwanafunzi wake. Mwajua ni maneno gani husemwa siku kama hizo. Kutafuta sababu za msiba ule ni kazi ya waliowekwa kwa uchunguzi, na jarida hili si baraza la hukumu. Kwa hiyo twataka kuchukua mfano wa mbali, ambao uchunguzi wake ulikwisha, ukaandikwa na ukatangazwa kwa watu wote, ili tutazame neno ajali lakaa wapi katika khabari yake, na ni wapi halina mahali.

Mfano wenyewe ni wa Marekani, mwaka 1996. Alikuwako mtoto wa kike wa miaka saba, wa jimbo la California, aliyeanza kufundishwa kuendesha ndege tangu alipotimiza miaka sita. Miguu yake haikufikia pedeli, zikatiwa vipande vya kuzirefusha. Na kitini akainuliwa ili apate kuona mbele. Baba yake akapanga mtoto huyu avuke nchi nzima, kutoka pwani ya magharibi hata pwani ya mashariki, kisha arudi, kwa muda wa siku nane, safari ya karibu maili 7,000, ili isemwe kwamba hapana mtoto mdogo kuliko yeye aliyefanya jambo hilo. Kwa sheria ya kule mtoto wa miaka saba hawezi kuwa rubani. Hata leseni ya mwanafunzi hapewi ila aliyefika miaka 16. Basi mwenye dhamana ya chombo alikuwa ni mwalimu wake, aliyekaa upande wa kulia penye usukani wa pili. Na ajabu ni hii: kitabu cha Guinness, ambacho watu hukikimbilia ili majina yao yaandikwe, kilikuwa kimekwisha acha zamani kuandika khabari za rubani mdogo kuliko wote. Hapakuwa na daftari lolote lililowangojea. Palikuwa na magazeti na televisheni tu. Shirika moja la televisheni lilimpa baba kamera na kanda zake, ili apige picha za safari kutoka ndani ya ndege.

Majina yao hatuyataji, kwani hatuandiki haya kwa kuwasimanga maiti. Baba alimpenda binti yake, na mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye leseni na uzoefu. Lau wangalikuwa watu waovu, khabari yao isingalitufaa kitu.

Tarehe 10 Aprili waliruka kutoka Half Moon Bay, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, na jioni wakafika Cheyenne, mji wa jimbo la Wyoming, wakalala huko. Ilikuwa siku ndefu na ya kuchosha. Mtoto alishikwa na usingizi katika sehemu ya safari, na mahali ambapo upepo ulikuwa mkali mwalimu alimsaidia kutua. Asubuhi yake, tarehe 11, dhoruba ya radi ilikuwa ikiukaribia mji. Mwenyeji wao mmoja, mtu wa redio, aliwakaribisha wakae zaidi. Baba akakataa, akasema wataka kuitangulia dhoruba. Ndege yao ilikuwa Cessna ya viti vinne na injini moja, ikapakiwa mafuta na watu na mizigo hata ikapita uzito uliowekwa na watengenezaji wake kwa karibu ratili 100. Mwalimu akawasha injini hali kizuizi cha gurudumu la mbele kimo bado. Ikabidi izimwe ili kiondolewe. Mvua ilikuwa ikinyesha. Macho hayakuweza kuona mbali kwa kiasi cha kanuni ya kawaida, naye akaomba ruhusa maalumu ya kuruka, akapewa. Rubani wa ndege nyingine, kubwa kuliko yao, aliyeruka kabla yao, alitoa khabari kuwa upepo wageuka ghafula karibu na ardhi, na mwongozaji wa mnarani akampelekea mwalimu maneno hayo. Akayasikia, kisha akaruka.

Yapata saa 2 na dakika 24 asubuhi mambo yalikuwa yamekwisha. Ndege iliinuka, ikageuka kulia polepole, chini sana na kwa mwendo mdogo, kisha ikainamisha pua ikashuka karibu wima, ikaangukia penye nyumba za watu si mbali na uwanja. Wote watatu walikufa, mtoto na baba na mwalimu. Waliokuwa majumbani Mwenyezi Mungu aliwanusuru.

Sasa natutazame kwa nini ndege huanguka namna ile, kwani mtu asiyejua sababu ni mwepesi wa kusema hakuna sababu. Watu wengi hudhani kwamba ndege huchukuliwa na injini, na injini ikizima huanguka kama jiwe. Sivyo. Ndege huchukuliwa na hewa ipitayo juu na chini ya bawa. Kazi ya injini ni kuipa mwendo ili hewa ipite kwa nguvu. Enyi jamaa wa baharini, ninyi mwalijua jambo hili kuliko watu wa bara. Nahodha aendapo joshi, akataka kuukaribia upepo kupita kiasi, kuna mahali ambapo tanga huacha kushika, likapigapiga, na chombo kikafa mwendo. Upepo haukupungua; tanga ndilo lililoelekezwa vibaya. Bawa nalo ni vivyo hivyo. Rubani akiivuta pua ya ndege juu kuliko mwendo alio nao, hewa huacha kulifuata bawa, ikabanduka, na ndege ikapoteza kinachoibeba. Dawa yake yajulikana na kila mwanafunzi: inamisha pua, upate mwendo tena. Lakini dawa hii yataka nafasi. Kule juu, mtu aliye futi elfu kadhaa ana muda wa kuitumia. Mtu aliyetoka ardhini sasa hivi, akiwa futi mia chache tu juu ya mapaa, hana. Ndiyo maana ile dakika ya kuruka ina khatari kuliko saa nzima ya kusafiri, na ndiyo maana mambo yake yote yatakiwa yawe yamekwisha tengenezwa kabla ya magurudumu kuondoka chini.

Tena Cheyenne si Half Moon Bay. Half Moon Bay i kando ya bahari kama miji yetu. Cheyenne i juu ya nyanda, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyembamba. Hewa nyembamba humpunguzia rubani mambo mawili kwa mara moja: bawa hupata kidogo cha kushika, na injini hupata kidogo cha kuvuta. Mwenye kuzoea hewa nzito ya pwani hudanganyika kule. Kisha tia juu yake uzito uliozidi, mvua juu ya mbawa, upepo unaogeuka, na barafu iwezayo kufanya katika koo la kabureta siku za baridi na unyevu na kuibana injini. Hapana hata moja katika haya lililokuwa geni. Yote yameandikwa katika vitabu vya mwanafunzi.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa taarifa yake mwaka 1997. Sababu waliyoiandika ni uamuzi usiofaa wa rubani mwenye dhamana, aliyeruka katika hali ya hewa iliyokuwa ikiharibika, hali ndege imezidi uzito, na hewa ni nyembamba kuliko aliyoizoea. Naye asiuhifadhi mwendo hata bawa likaacha kushika. Wakaongeza neno jingine, na hilo ndilo lililotufanya tuishike kalamu: kwamba lililosaidia kuleta msiba ni ile hamu ya kuifuata ratiba iliyopita kiasi, na sehemu ya hamu hiyo ilitoka katika ahadi walizowapa watu wa khabari.

Tazama, ndugu msomaji. Watu hawa ni wanavyuoni wa vyuma na hesabu. Walichunguza injini, wakapima uzito, wakakadiri mwendo. Na mwisho wa kazi yao wakafika katika jambo ambalo sisi twalijua kwa jina la riya. Riya ni kufanya jambo kwa ajili ya macho ya watu. Mtume (s.a.w.) aliwakhofia umma wake riya, akaiita shirki ndogo, na sisi tukiyasikia maneno hayo mawazo yetu huenda kwa mtu arefushaye sijda msikitini akijua anatazamwa. Hatudhani kwamba riya yaweza kuingia katika usukani. Lakini mtu aliyewaahidi watu kuwa kesho atakuwa mji fulani, na kamera zamngojea huko, huyo asubuhi akilitazama wingu halioni wingu peke yake. Huona pia nyuso za wanaomngojea. Na wingu halijui khabari ya nyuso hizo.

Hatusemi ya kwamba mwalimu yule aliikusudia riya moyoni mwake. Yaliyo moyoni ayajua Mola. Twasema kwamba alikubali kuwekwa mahali ambapo kusema "leo hatuendi" kulikuwa kuzito kuliko kuruka katika dhoruba. Hapo ndipo ulipo msiba, nao ulikuwapo tangu usiku, ndege ingali imefungwa.

Wazee wetu wa majahazi walikuwa wakimwita mjuzi wa njia chomboni malimu, na neno hilo ni ndugu wa mwalimu. Na neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda hewani: rubani ni yule apandaye chomboni kukionyesha njia penye miamba, akakiingiza bandarini. Mtu huyo hakuchukuliwa kwa sababu ana nguvu za kushika usukani. Mabaharia wenye nguvu walikuwa tele. Alichukuliwa ili pawe na mtu mmoja ambaye akisema "hapa hapapitiki", nahodha na mwenye mali na abiria wote wanyamaze. Siku atakapoanza kuwatazama abiria usoni kabla ya kutoa shauri lake, hapo hana kazi tena chomboni. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kondoo hawaulizwi.

Na khasa kondoo akiwa wa miaka saba. Hapa twataka kusema neno kwa wazazi, kwani fakhari ya watoto imekuwa maradhi katika miji yetu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwajaribu mayatima mpaka wafikilie umri wa kuoa, na tukiona kwao uongofu wa akili ndipo tuwape mali zao. Mali ya mtoto ni yake, hapana anayebisha. Pamoja na hayo hapewi mpaka ionekane akili ya kuitunza, asije akaipoteza. Ikiwa sharia imezuia mkono wa mtoto usishike fedha zake mwenyewe, basi itasemaje juu ya usukani wa chombo kinachochukua roho yake na roho za watu wengine? Kufundishwa mtoto ni jambo zuri. Na afundishwe, akae kando ya mwalimu, ajue majina ya vitu, ashike kidogo palipo salama. Kumbebesha jina la rubani ili watu wapige makofi ni jambo jingine. Mtoto yule hakukosa lolote. Kalamu haiandiki dhambi juu ya mtoto mpaka abaleghe, na taarifa nayo haikumtia lawamani, iliwalaumu wakubwa.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu katika darsa: je, kusema haya si kuikanusha qadari? Ikiwa ajali yao ilikuwa ni asubuhi ile, wangalikufa hata kama wangalibaki hotelini. Swali hili ni la zamani, na jawabu lake limekwisha tolewa na mtu mkubwa kuliko sisi.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alitoka Madina kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, na hapo majemadari wa jeshi, naye Abu Ubaida bin Jarrah akiwa mmoja wao, wakamletea khabari kwamba tauni imeingia Sham. Basi Umar akawaita Muhajirina akawashauri, wakakhitalifiana. Wengine wakasema umetoka kwa jambo fulani, hatuoni urudi nalo; wengine wakasema una masahaba wa Mtume pamoja nawe, usiwatie katika maradhi haya. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vivyo hivyo. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohama mwaka wa kufunguliwa Makka, na hao hawakupingana hata wawili: wakamwambia arudi na watu. Umar akatangaza kwamba asubuhi atapanda mnyama wake arudi. Abu Ubaida, naye ni katika wabora wa umma huu, akamwuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akasikitika kuwa aliyesema hivyo ni Abu Ubaida na si mtu mwingine. Akamjibu kwamba naam, anaikimbia qadari ya Mungu kuiendea qadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu: akichunga penye majani si amechunga kwa qadari ya Mungu, na akichunga penye ukavu si ni kwa qadari hiyo hiyo? Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika mashauri, akasema ana elimu ya jambo hili kutoka kwa Mtume mwenyewe: kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea mkiwamo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim, nasi huisoma mara nyingi, lakini huipita haraka. Natuitazame pamoja na ule uwanja wa Cheyenne. Umar alikuwa Amirul Muuminina, ametoka na msafara mkubwa, majemadari wamekuja kumlaki, na safari nzima imetangazwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na ratiba, ni yeye. Kama kuna mtu ambaye kurudi kwake kungalionekana aibu, ni yeye; na maneno ya aibu aliambiwa usoni, tena kwa lugha ya dini. Alirudi. Wala hakurudi kwa kukisia. Aliuliza mara tatu, akasikiliza makundi matatu, na lilipokuja kwake jambo la kurudi hakulionea haya.

Basi jawabu la swali la darsani ni hili. Ajali ya wale watatu ilikuwa ni saa ile, ndiyo, twaamini. Hilo ni fumbo la Mola tulilolijua baada ya kutokea, wala halikuwa mikononi mwa mwalimu asubuhi alipokuwa akilitazama wingu. Mikononi mwake palikuwa na uzito, upepo, mvua, khabari ya rubani mwenziwe, na ruhusa ya kungoja. Aulizwe kwa hayo. Washirikina ndio waliosema, kama ilivyotajwa katika Suratul An-aam, aya ya 148, kwamba lau Mungu angalitaka wasingalishirikisha. Nao wakakadhibishwa kwa maneno yao hayo. Mwenye kuitumia qadari kwa kufuta kosa lake ajue ni njia ya nani anayoifuata.

Na sharia yetu yenyewe haikukubali udhuru huu. Tazama Suratun Nisaa, aya ya 92. Mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, hakukusudia hata kidogo, amewekewa kaffara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, tena na diya kwa watu wa aliyekufa, ila wakisamehe. Aliyekufa alikufa kwa ajali yake, na aya haikanushi hayo, lakini diya yalipwa. Kadhalika imepokewa kwa Abu Dawud na wengineo kwamba mwenye kujitia kutibu watu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, huyo ni dhamini, yaani lililotokea ni juu yake. Wanavyuoni wakalipanua jambo hilo kwa wenye kazi wengine. Mgonjwa naye alikufa kwa muda wake, lakini hakuna kadhi aliyemwambia mjane aende nyumbani kwa kuwa ajali haina kinga.

Wako pia wasemao kwamba mambo ya ndege na injini si yetu, tuyaachie wenyewe wenye kuyajua, sisi tukae na dini. Hao hatuna haja ya kubishana nao kwa urefu. Vijana wetu wanajifunza urubani leo, na Waislamu wakihitaji marubani basi kujifunza kwao ni katika faradhi za kutosheleza, kama udaktari.

Lakini maneno haya hayakuja kwa ajili ya ndege tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka hapa Mombasa, ikazama na watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi, wakafa zaidi ya 270. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Waliokuwapo miaka ile wakumbuka matanga yaliyokuwa mtaa hata mtaa, na wakumbuka kwamba neno lililozunguka ni lile lile moja. Watu wale ni wetu, twawaombea rehema, na aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa katika mashahidi. Dua hiyo haimwondolei mtu yeyote swali la nani aliihesabu feri ile kabla haijaondoka.

Na sisi wapandaji tuna sehemu yetu. Mwenye mashua akisema leo bahari imechafuka, twamwambia mbona fulani amekwenda. Dereva wa gari la harusi akisema watu wametosha, twamwambia sogeza, ni jamaa hawa, wataachwaje. Rubani wa ndege ndogo akichelewesha safari ya Lamu kwa saa mbili kwa sababu ya mvua, twaanza kutazama saa na kupiga mafyondo. Kisha mmoja wao akitutii, na msiba ukatokea, twakaa mkekani tukasema ni amri ya Mungu. Amri ya Mungu tuliyoipewa kabla ya msiba ni ile ya Suratul Baqara, aya ya 195, kwamba tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu. Hiyo hatukuitaja wakati wa kusogezana.

Msibani mfiwa aambiwe yale aliyofundisha Mtume: kwamba alichokichukua Mungu ni chake na alichokitoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda maalumu, basi asubiri na ataraji malipo. Hayo ndiyo mahali pa neno ajali, kwa mfiwa, kumpoza moyo. Kwa mwenye chombo si mahali pake. Mwenye chombo aulizwe, tena aulizwe na watu wa mji wenyewe, wala asingojewe mchunguzi kutoka Nairobi.

Kule Marekani, kabla haujaisha mwaka ule ule wa 1996, walitunga sheria ya kumzuia rubani asimwachie asiye na leseni kushika usukani wa ndege kwa ajili ya kutafuta sifa za kuvunja rekodi au kushindana.

Na wewe mzazi unayetaka kumpeleka kijana wako katika shule ya urubani, au ya udereva, au kumtia katika jahazi, usitosheke na kuuliza karo. Nenda ukaonane na huyo atakayekuwa mwalimu wake. Mwulize ni lini mara ya mwisho alipoahirisha safari, na ni nani aliyemkasirikia kwa ajili hiyo. Akikumbuka siku hiyo, akakutajia wingu lilivyokuwa na maneno aliyoambiwa, mwachie kijana wako. Akicheka akasema yeye hajapata kuahirisha hata siku moja, mshike mkono kijana wako mrudi naye nyumbani, na kama amekwisha lipa, zile fedha zisikuume.